Loam ni tifutifu

Neno "loam" nililikariri nikiwa kidato cha pili. Nililiandika kwenye mtihani wa kidato cha nne nikapata alama yake, nikalirudia kidato cha tano, na kidato cha sita nikawa ndiye ninayewaeleza wenzangu usiku wakati wa kujisomea. Nilikuwa mwaka wa kwanza chuo kikuu, nimekaa kwenye kimbweta, meza ya nje ya kujisomea, na kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI, nilipofungua herufi L na kukuta kwamba loam ni udongo tifutifu.

Tifutifu nilikuwa naujua tangu shule ya msingi. Mwalimu wetu alitutoa nje ya darasa, akatutuma tulete udongo wa aina tatu, tukaulowesha kwa maji ya kisimani na kila mmoja akajaribu kusokota kamba. Kichanga kilimwagika vidoleni. Mfinyanzi ulitoa kamba ndefu tukaizungusha mkononi kama bangili. Tifutifu ulikubali kidogo, halafu ukakatika, na mwalimu akasema huo ndio unaopendwa na mahindi. Yote hayo yalikuwa kichwani mwangu. Na "loam" nayo ilikuwa kichwani mwangu, pamoja na sifa zake tano nilizonakili ubaoni. Miaka yote hiyo hakuna siku vitu hivyo viwili vilikutana.

Nimekumbuka siku ile kwa sababu ya ujumbe niliotumiwa wiki iliyopita na kijana niliyemfundisha jiografia kidato cha tano na cha sita. Sasa yuko chuo. "Shikamoo mwalimu. Nasoma mpaka saa nane usiku lakini hakiingii kitu. Test one nimepata kumi na moja kati ya thelathini. Nifanyeje Kiingereza changu kiwe kizuri?"

Nilimjibu kwa sauti, dakika saba, na bado nikaona sijamaliza. Haya ndiyo yaliyobaki.

Kwanza, ndugu yangu, Kiingereza ni nusu ya shida yako. Nusu nyingine ni kwamba toka uanze shule hakuna aliyekufundisha kukaa na maandishi peke yako, ukayauliza maswali mpaka yakakujibu. Hizo nusu mbili zimeshikana kiasi kwamba ukishughulikia moja tu hutafika.

Tazama tulikotoka. Tangu 1967 shule za msingi za serikali, isipokuwa chache, zinafundisha kwa Kiswahili. Unamaliza darasa la saba unaweza kueleza mvua inavyotokea, ukabisha, ukauliza. Januari inayofuata unaingia kidato cha kwanza, unapewa wiki chache za kozi ya kuingilia, kisha karibu kila kitu kinageuka Kiingereza. Shuleni kwetu mlango wa ofisi ya walimu ulikuwa na karatasi iliyoandikwa "No English, No Service". Maana yake, kama swali lako huwezi kuliunda kwa Kiingereza, rudi nalo. Tulirudi nayo. Baada ya miezi michache tukaacha hata kuyaunda.

Mwalimu naye alikuwa na silabasi ya kumaliza na wanafunzi ambao hawakumwelewa, kwa hiyo alifanya alichoweza: aliandika noti ubaoni, sisi tukanakili, akaeleza kidogo kwa Kiswahili kwa sauti ya chini, na mtihani ukaja na maneno yale yale ya ubaoni. Simlaumu. Nami leo ni mwalimu, najua inavyokuwa ukiwa na wanafunzi sabini na dakika arobaini. Tume ya Makweta, iliyoundwa kuangalia elimu nchini, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike sekondari na hatimaye vyuo vikuu, na Serikali haikulitekeleza. Mimi naamini tume ile ilikuwa sahihi, na nitaendelea kusema hivyo. Lakini wewe una test two baada ya wiki nne. Huwezi kuisubiri sera.

Kwa hiyo nikusimulie test one yangu.

Somo lilikuwa jiografia ya udongo. Nilikuwa na madesa yote, yaani noti zilizonakiliwa. Nilikuwa nimeyarudia mara sita, nikiyapigia mistari kwa kalamu ya njano mpaka kurasa zikawa njano nzima. Siku ya pepa niliandika aya mbili karibu neno kwa neno kama mhadhiri alivyozitoa kwenye slaidi, na nilitoka nikiwa na furaha. Karatasi iliporudi ilikuwa na tisa kati ya thelathini. Pembeni mhadhiri alikuwa ameandika kwa wino mwekundu, kwa Kiingereza, sentensi mbili: haya ni maneno yangu. Ya kwako yako wapi?

Iliniuma sana. Kidato cha sita maneno ya mwalimu ndiyo yaliyokuwa majibu. Ukibadilisha neno, unakuwa umejihatarisha, kwa sababu hujui kama hilo jipya nalo ni sahihi. Chuoni kitu kile kile kinaitwa wizi wa kitaaluma, na hata pale ambapo hakiitwi wizi, hakina alama. Hakuna aliyetukalisha chini akatuambia kwamba sheria za mchezo zimebadilika.

Swali lenyewe la pepa lilianza na "Account for". Mimi nilieleza udongo ukoje. Lilitaka nieleze kwa nini umekuwa hivyo. Nikikuomba jambo moja la haraka leo, ni hilo: chukua pepa za miaka iliyopita, soma kitenzi cha kila swali, na karibu yake andika kwa Kiswahili unachoamriwa kufanya. Eleza sababu. Linganisha. Pima hoja kisha toa uamuzi wako. Wako wengi wanaofeli swali wanalolijua.

Halafu kuna saa. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Ukiwa na mihadhara na semina saa tatu kwa wiki kwa wiki 15, hizo ni 45. Saa 75 zilizobaki hazimo kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani, na hakuna atakayekuuliza ulizitumiaje. Mimi nilipoona siku ina mhadhara mmoja nilidhani siku hiyo ni nyepesi. Nilikuwa sijui kwamba mhadhara ni sehemu ndogo ya kozi, na kwamba kozi yenyewe iko maktaba, peke yako.

Na ukishafika maktaba, unafanya nini? Hapa ndipo nilipopotea muda mrefu. Nilifungua sura ya kurasa kumi na nane, nikaanza neno la kwanza. Kila neno nisilolijua nilienda kwenye kamusi. Baada ya saa moja nilikuwa ukurasa wa pili, na mwanzo wa ukurasa wa kwanza nilikuwa nimeshausahau. Nilifunga kitabu nikaenda kuazima noti za mwenzangu, na huo ukawa utaratibu wangu wa muhula mzima.

Kilichonitoa hapo kilikuwa sentensi moja. Naikumbuka kwa sababu niliinakili: "Soils on the upper slope are freely drained, whereas those in the valley bottom are subject to seasonal waterlogging." Maneno makubwa sikuyaogopa. "Slope", "valley", "drained" nilikuwa nayo tangu kidato cha kwanza. Kilichonifunga ni "subject to". Nilijua subject ni somo. Nikajiuliza udongo wa bondeni unakuwaje somo. Na "whereas" nililiruka, kama nilivyokuwa naliruka siku zote, kwa sababu ni neno dogo na halina picha.

Dada mmoja wa mwaka wa tatu aliyekuwa amekaa upande wa pili wa kimbweta aliniona nimekwama, akaniuliza nini. Nikamwonyesha. Akasema, "Mbona rahisi. Udongo wa juu unapitisha maji, ilhali wa bondeni hujaa maji kila masika."

Ilhali. Neno hilo nalitumia. Na ndilo lililokuwa linashikilia sentensi nzima, ndilo linalosema kwamba hapa kuna vitu viwili vinapingana. Nilikuwa nimesoma miaka sita maandishi ya Kiingereza nikiokota nomino kama anayeokota maembe, nikiacha matawi yaliyoyabeba.

Toka siku hiyo nilianza daftari la maneno madogo. Whereas, ilhali. Despite, licha ya. Unless, isipokuwa. Provided that, mradi. Hence, hivyo basi. Subject to, hupatwa na, au hutegemea, kutegemea sentensi. Kiswahili kinayo yote, na unayatumia kila siku ukibishana kuhusu mpira. Baadaye sana nikajua kwamba mtafiti wa New Zealand, Averil Coxhead, alitoa mwaka 2000 orodha ya familia 570 za maneno yanayojirudia kwenye maandishi ya kitaaluma, iwe sheria, biashara, sayansi au sanaa. Imo mtandaoni bure. Whereas, despite na hence zimo. Kumi kwa siku, na usiyakariri peke yake: kila neno liandikie sentensi uliyoikuta kwenye somo lako, na chini yake uiseme kwa Kiswahili cha nyumbani.

Watu huniambia hapo, lakini mwalimu, si ndiyo tunarudi nyuma? Chuo ni Kiingereza, kwa nini nipitie Kiswahili?

Kwa sababu ndiko uelewa wako uliko. Nikueleze nilivyojua. Sura ile ile ilikuwa inafundisha dhana inaitwa catena. Neno hilo la Kilatini maana yake mnyororo, na aliyeliingiza kwenye elimu ya udongo ni Geoffrey Milne, mkemia aliyekuwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, kule Usambara, miaka ya 1930. Alizunguka Afrika Mashariki akaona kwamba ukishuka kutoka kilimani hadi bondeni, udongo hubadilika kwa mpangilio, na kwamba mpangilio huo hurudi kilima baada ya kilima, kwa sababu maji yanayoshuka hubeba vitu kutoka juu na kuviacha chini. Kila udongo umefungamana na wa juu yake, kama pete za mnyororo.

Nilisoma fasili hiyo kwa Kiingereza mara nne. Mara ya tano nilifunga kitabu, nikajiambia, sasa mweleze Bibi.

Bibi mzaa mama analima Kwimba, Usukumani. Nikaanza kimoyomoyo: Bibi, ukitoka kwenye yale mawe makubwa, unakutana na luseni, ule wa kichanga, mnapopanda mihogo na karanga. Ukishuka unakuta itogolo, ule mgumu, jembe linagonga. Chini kabisa ni mbuga, mweusi, kiangazi unapasuka nyufa na masika unashika miguu, ndiko kwenye majaruba ya mpunga. Nikasimama hapo hapo. Nilikuwa sieleweshi tena, nilikuwa nakumbuka. Nimetembea catena utotoni mwangu wote nikipeleka uji shambani. Nilichokuwa sijui ni kwa nini, na kitabu kilikuwa na hiyo kwa nini: maji.

Saa hiyo nilirudi kwenye ukurasa ule wa Kiingereza nikasoma kuanzia hapo kwa dakika kumi, kurasa nne, bila kamusi. Lugha haikuwa imebadilika. Nilikuwa na kitu mkononi cha kuipokelea.

Basi utaratibu wangu ukawa huu, na ndio ninaowapa wanafunzi wangu. Kabla ya kusoma, angalia kichwa cha sura, vichwa vidogo, aya ya kwanza na ya mwisho. Kisha juu ya ukurasa wa daftari andika swali kwa Kiswahili, swali lako la kweli, ambalo ungemuuliza mtu. Kwa nini bondeni udongo ni mweusi na juu ni mwekundu? Soma Kiingereza ukitafuta jibu la hilo swali, na maneno yasiyohusika nalo uyapite bila hatia. Ukipata, funga kitabu. Jieleze kwa Kiswahili, kwa sauti kama unaweza. Ukikwama, hapo pa kukwama ndipo hujaelewa, rudi hapo tu. Ukishaeleza bila kukwama, fungua ukurasa mpya uandike jibu hilo kwa Kiingereza, bado kitabu kimefungwa. Kiingereza kitakachotoka kitakuwa na makosa. Kiache. Hayo ndiyo maneno yako ambayo mhadhiri aliyatafuta kwenye karatasi yangu akayakosa. Makosa utayarekebisha baadaye ukilinganisha na kitabu. Mawazo uliyoazima hakuna wa kukurekebishia.

Hiyo ya kufunga kitabu ina ushahidi. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa chuo kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi vifungu vifupi vya kusoma, kimoja kikihusu jua na kingine kikihusu wanyama wa baharini. Kifungu kimoja kila mwanafunzi alikisoma mara ya pili. Kingine alikisoma mara moja, kisha akaandika alichokumbuka bila kutazama. Waliopimwa baada ya dakika tano walikumbuka zaidi kile walichorudia kusoma, asilimia 81 kwa 75. Waliopimwa baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 42 ya kile walichorudia kusoma, na asilimia 56 ya kile walichoandika bila kutazama. Fikiria madesa yangu ya njano. Kila nilipoyarudia nilijisikia najua, na hisia ile ilikuwa ya kweli kwa dakika tano. Pepa ilikuja wiki iliyofuata.

Kuhusu diskasheni nitasema kidogo. Kwenye kimbweta cha watu wanane anayeongea ni mmoja, na ndiye anayejifunza. Wengine wanasikia kitu kinachoeleweka wanadhani wameelewa. Kundi letu lilipona tulipokubaliana kwamba asiyekuja na ukurasa wake wa swali na jibu anakaa kimya mpaka mwisho, na kila sehemu ataieleza yule aliyeiona ngumu. Tulikuwa tunaongea Kiswahili, na mwandishi wa siku alikuwa anatoa muhtasari kwa Kiingereza kabla hatujaondoka. Tulikuwa watano. Zaidi ya hapo naona ni mkutano.

Na hizi programu za kwenye simu zinazokujibu kila kitu? Najua unazitumia, wote mnazitumia, na siku moja moja mimi pia. Kama unaiomba ikutafsirie sentensi moja iliyokukwamisha, ni kama yule dada wa mwaka wa tatu, mshukuru uendelee. Ukiiomba ikuandikie asaimenti, umerudi kwenye ubao wa kidato cha pili, unanakili Kiingereza kizuri cha mtu mwingine. Zile saa 75 zipo ili ukwame na ujinasue. Ukizitoa kwa mashine, kuna siku utaingia chumba cha mtihani bila simu, na zaidi ya hapo utaingia kazini bila kuwa umewahi kufikiri jambo gumu mpaka mwisho wake. Hilo ndilo linaloniumiza nikifikiria wanafunzi wangu. Wana akili. Nimewaona wakieleza.

Test two nilipata kumi na tisa. Haikuwa ajabu, na Kiingereza changu kilikuwa bado kina makosa ya viambishi ambayo mhadhiri aliyazungushia duara moja moja. Lakini pembeni hakuandika kitu.

Likizo ile ya mwaka nilienda Kwimba. Nilimkuta Bibi anapalilia, nikamwamkia, nikamsaidia mpaka jua likawa kali, kisha tukakaa chini ya mwembe. Nikachukua kijiti nikachora kilima kwenye vumbi, nikamwonyesha: hapa mawe, hapa luseni, hapa itogolo, hapa mbuga. Nikamweleza habari ya maji yanavyobeba vitu kutoka juu. Alisikiliza akitikisa kichwa, kama mtu anayesikia habari za jirani yake.

"Umeruka mmoja, baba," akasema. "Ibushi umeuweka wapi?"

Nikamwambia kwenye kitabu ipo mitatu.

Hakunijibu. Alichukua jembe, akatangulia mbele yangu kuteremka, tukavuka itogolo, na kabla hatujafika kwenye majaruba akasimama, akapiga jembe mara mbili na kuinua bonge la udongo akaniwekea kiganjani. Nikalivunja, nikalitemea mate, nikasokota kamba kama tulivyofundishwa. Kisha nikatoa daftari, na juu ya ukurasa nikaandika: kwa nini huu uko hapa?